Upande Aliochimba Muhanga

Kambini, porini Chunya
Jumapili, 18 Agosti 2024

Mke wangu Evarista,

Kamwene! Nimekalia debe, karatasi iko gotini na kalamu nimeazima kwa mpishi, kwa hiyo ukiona maandishi yamelala ujue si pombe. Simu huku ni mpaka upande jabali, na ukifika juu unakuta foleni. Ukimwambia mkeo neno moja tamu, kambi nzima inalo wakati wa chakula cha jioni. Bora barua. Gari la kambi likienda Mwanjelwa kuchukua mahitaji, dereva anamkabidhi kondakta wa basi la Iringa, nawe utaipata kwa binamu yako pale stendi. Ukijibu, ipitie njia hiyohiyo.

Hutaamini kazi niliyopata. Napima vichuguu! Kuna mtaalamu wa chuo kikuu, dada mmoja anaitwa Violet, anataka kujua kwa nini vichuguu vimekaa pale vilipokaa. Yeye anaandika, mimi nashika kamba na panga. Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikaona haya. Sasa sicheki tena, nimeanza kuota vichuguu usingizini. Kuna kimoja kirefu kuliko nyumba ya mwenyekiti wa kijiji, na juu yake umeota mkwaju mzima wenye matunda.

Na wenye nyumba wenyewe ni balaa. Wamekula kiatu changu cha kushoto, wakala na Agano la Kale la mpishi, siku hizi anaanzia kwa Mathayo. Hawaachi kitu, Evarista. Ukilala vibaya utaamka huna sikio.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Huku nimejifunza kwamba udongo wa kichuguu ni mfinyanzi mtupu, mchwa wanaupandisha kutoka chini kabisa, chembe kwa chembe, wakiuchanganya na mate yao. Hakuna tofali linaloshinda la udongo huo. Nami nikakumbuka kile kichuguu chetu cha nyuma ya nyumba, kilichokaa pale bure tangu enzi za babu. Tangu tulipompoteza yule mtoto, mwaka ule nilipokuwa kwenye mashamba ya tumbaku, umekuwa ukisema nyumba ya marehemu mama ina kiza. Nami kila nikirudi nakukuta umekaa kizani. Nataka nikujengee nyumba yenye madirisha, mke wangu. Nitamwambia mdogo wangu Jailos aje akivunje, afyatue matofali na kuyachoma kabla ya mvua. Mimi nikirudi Krismasi, kazi ni kupandisha ukuta.

Niandikie upesi uniambie umefurahi.

Ni mimi mumeo,
Marcelino

*

Kalenga
30 Agosti 2024

Mume wangu Marcelino,

Barua yako nimeipata, na inanuka moshi na dagaa. Nimeisoma mara nyingi. Pole na kiatu. Hivi nilikwambia ununue viatu viwili au sikukwambia? Mimi mzima, mahindi nimeshapukuchua, yule mbuzi mweusi kavunja tena uzio wa jirani nikaenda kuomba radhi kama kawaida yetu.

Nyumba yenye madirisha naitaka. Nani asiyeitaka? Ila kichuguu kiache. Vifaranga wangu wanalelewa na kichuguu kile, kila asubuhi nabandua kidogo upande wa juu nawapelekea mchwa. Halafu uyoga. Umesahau uyoga wa kile kichuguu ulivyokuwa unagombea na marehemu mama, mtu na mwanawe, mpaka mnafichana bakuli? Mvua zikianza utaota tena. Udongo wa matofali uko tele bondeni kando ya mto, watu wote wanachota huko.

Eti huyo dada Violet ameolewa? Nauliza tu.

Na mambo ya kwamba hawaachi kitu, usiniandikie tena. Niliyasoma nikiwa nimekaa mlangoni, kichuguu kiko mbele ya macho yangu. Sikuyapenda.

Niandikie mambo mengine ya huko. Nayasoma taratibu ili yasiishe.

Ni mimi,
Evarista

*

Kambini, Chunya
12 Septemba 2024

Mke wangu,

Violet ameolewa, ana watoto, na mumewe anampigia mpaka betri inakata. Roho yako itulie! Mimi huku nanuka jasho na udongo, hata nyuki wananikwepa.

Umesema nikuandikie ya huku, basi sikia. Unakumbuka tulivyodhani vichuguu vinaota ovyo kama uyoga? Si kweli. Tumepima eneo kubwa la miyombo, Violet akaviweka vyote kwenye ramani, na wallahi vimepangika utadhani mtu alipita na kamba kabla yetu. Sababu ni kwamba kila ukoo una uwanja wake wa kuokota majani makavu na vijiti. Wageni wakija kuanzisha makazi karibu mno, wakubwa wanawamaliza. Kwa hiyo wanaosalia ni wale waliokaa mbali mbali. Kwenye mbuga zinazotuama maji vile vikubwa huvioni, vinapenda pale ardhi inapoinuka kidogo.

Na zamani zile nilidhani wanaanza kwa kujenga juu. Aka! Mvua za kwanza kumbikumbi wanaruka, mume na mke wanakutana, wanakata mbawa zao wenyewe, wanachimba kishimo wawili tu na kujifungia. Miaka ya mwanzo mtu anapita juu yao hajui kama kuna kitu. Na yule dume, Evarista, haondoki. Anakaa chumba kimoja na malkia mpaka kifo. Nilivyosikia hivyo nikawaza, mimi ndiye dume gani, kila mwaka niko Chunya. Ndiyo maana nataka nyumba hii imalizike, nirudi nikae.

Kwa hiyo kuhusu vifaranga na uyoga, hizo ni sababu za kitoto, nisamehe. Vifaranga watakula pumba. Bondeni udongo una mchanga mwingi, tofali lake linapasuka tanurini, uliza yeyote. Nyumba ngapi za Kalenga ni vichuguu vilivyosimamishwa wima! Ndiyo maana hicho chetu kimebaki peke yake.

Nimeshampigia Jailos kutoka jabalini. Atakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na moja na sururu. Mpikie vizuri, unajua anavyokula.

Mumeo anayekukumbuka,
Marcelino

*

Kalenga
24 Septemba 2024

Marcelino,

Jailos alikuja. Nikampikia ugali na kuku, akala, akanyanyua sururu. Akanikuta nimekaa juu ya kichuguu nachambua maharage. Akasema shemeji naomba upishe. Nikasema sipishi. Akacheka, akadhani utani. Nikaendelea kuchambua. Maharage yalipokwisha nikaanza kuchambua tena yaleyale.

Jua lilipozama akaondoka zake. Hakunitukana, ni kijana mwenye adabu, ila aliniangalia kwa namna ambayo watu huangalia wagonjwa.

Kichuguu hakivunjwi. Nakuomba kwa upole kabisa usiniulize kwa nini. Nikikosa madirisha nitakaa bila madirisha.

Evarista

*

Kambini, Chunya
6 Oktoba 2024

Evarista,

Jailos ameniambia yote. Nilikuwa juu ya jabali, watu nyuma yangu wanasubiri zamu, ndugu yangu ananieleza kwamba mke wangu amekalia kichuguu kama kuku anayeatamia. Nilicheka ili wasijue. Niliposhuka sikuweza kucheka tena.

Niambie ukweli. Mtu anayekataa nyumba ni mtu asiyetaka kukaa. Kama unataka kurudi kwenu Ifunda, sema, usinizungushe na uyoga. Najua watu wanasema nini. Najua pale kijijini wake za wenzangu wanaitwa mama fulani na mama fulani, wewe wanakuita mke wa Marcelino mpaka leo. Labda umechoka. Labda umesikiliza maneno ya watu kwamba kichuguu kina mizimu. Hata hilo ningelielewa, lakini liseme.

Mficha uchi hazai, mke wangu. Mimi nakaa huku napigwa na vumbi kwa ajili ya nyumba yako, halafu sijui hata ninyi wawili, wewe na kichuguu, mnaficha nini.

Nimemwambia Jailos arudi Jumamosi ya tarehe ishirini na sita, safari hii na vijana wa kumsaidia. Mvua haitusubiri. Nimesema wasigombane nawe, wakusubiri tu uende kisimani.

Marcelino

*

Kalenga
15 Oktoba 2024

Marcelino mume wangu,

Umeniandikia methali moja, nimeshindwa kula siku nzima. Najua hukukusudia. Najua ni methali ya kila mtu, hata katekista huisema. Lakini kuniambia mimi sizai kwa sababu naficha, baba wee, imenichoma pale ambapo huwa sijigusi mwenyewe.

Siendi Ifunda. Siendi popote. Nakwambia sasa, na uisome ukiwa umekaa.

Mtoto yuko pale.

Ulivyokuwa kwenye tumbaku na mimi nikashikwa kabla ya siku zangu, alizaliwa asubuhi, ukungu ungali juu ya mto. Alipumua kidogo. Nilimsikia. Mama yako alimfunga kwenye khanga yangu ya harusi, ile ya zambarau, akaniambia mtoto ambaye hajatolewa nje hapewi jina, hapelekwi makaburini, wanawake humzika wenyewe karibu na nyumba, na mwanaume haambiwi wapi. Akasema ndivyo ilivyo kwenu, na yeye alifanyiwa hivyo kwa wa kwanza wake kabla yako wewe. Ulikuwa unajua hilo? Mimi ndiyo nililisikia siku ile.

Ardhi ilikuwa kavu, jembe linaruka. Ila kwenye kichuguu, upande wa chini unaoangalia mto, muhanga alikuwa amechimba shimo lake la kutafutia mchwa, zuri, safi, udongo laini umemwagika mbele. Mama akasema Mungu ametangulia. Akamlaza humo. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta wa jiko, natazama.

Hatukuweka alama, mama alikataa. Lakini mvua zilipokuja mchwa waliziba lile shimo wenyewe, Marcelino. Siku baada ya siku niliwaona wakipandisha udongo mbichi, mpaka pakawa sawa, hujui palikuwa na kitu. Nililia siku ile kuliko siku ya kuzika. Nikajisemea, angalau kuna wengine wanaomfunika.

Wewe ulirudi, ukakaa nje ukapasua kuni. Ulipasua kuni mpaka uwani hapapitiki. Hukuuliza kitu, na mimi nilikuwa nimekatazwa kusema. Nilizichukia zile kuni. Baadaye nikaelewa zilikuwa ndiyo kilio chako, nikawa nazichoma mojamoja kwa uangalifu. Mama alipofariki nikabaki peke yangu ninayejua alipo. Kila asubuhi nikiwapelekea vifaranga mchwa, nabandua upande wa juu tu. Upande wa muhanga sigusi, na uyoga wake sichumi.

Kuna jambo moja tu nataka kwako, kwa kuwa wewe ndiye unayewajua wadudu hawa. Uliandika kwamba hawaachi kitu. Tangu siku ile sipati usingizi. Niambie kweli, usinipambe. Wanakula nini hasa?

Jailos anakuja Jumamosi ile uliyoisema. Sina nguvu ya kupigana na vijana. Nitakuwa nimekaa palepale.

Evarista

*

Kambini, Chunya
23 Oktoba 2024

Evarista wangu,

Barua yako ilifika jana na gari la mchana. Niliisoma nimesimama, ulivyosema nikae sikukaa, na nilipofika katikati nikakaa chini vumbini.

Nikapanda jabali. Foleni ilikuwepo, nikawapita wote, hakuna aliyenizuia. Nikampigia Jailos nikamwambia kichuguu kisiguswe, wala leo wala kesho wala nikifa. Akauliza kwa nini, nikasema, mwanangu yuko pale. Ndivyo nilivyosema, kwa sauti, mbele za watu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo, mwanangu. Kisha nikalia, nao wote wakanisikia. Wakati wa chakula cha jioni kambi nzima ilikuwa nalo. Mpishi alinijazia sahani tu.

Sasa nakujibu ulichoniuliza. Nilikwenda kwa Violet asubuhi hii, sikumwambia yote, nikamwomba anieleze bila haraka. Mchwa wale wanakula kilichotoka kwenye mti na kwenye majani, tena kilichokufa na kukauka. Wanakitafuna, wanakirundika chini, wanaotesha juu yake uyoga wao mdogo, na huo ndio chakula chao. Agano la Kale lilikuwa karatasi, na karatasi ni mti. Kiatu changu walikula uzi na turubai, ngozi nimeikuta. Kitu wasichokila hawakisumbui, wanakizungushia udongo na kuendelea na kazi zao.

Umesema nisikupambe. Basi khanga watakuwa wameila, kwa sababu khanga ni pamba. Mtoto hawakumgusa. Wamemjengea.

Nilimwuliza pia kichuguu kikiachwa kinakaa muda gani. Akasema vipo huku ambavyo vilikuwepo kabla Mkwawa hajajenga ngome. Waliomo wakifa wanakuja wengine, wanaingia vyumba vilevile, wanatengeneza palipobomoka. Kwa hiyo sisi tutaondoka, yeye bado atakuwa na watu wa kumfunika.

Na mimi, mke wangu. Nisamehe ile methali. Nisamehe na kuni. Sikuuliza kwa sababu mama alinipokea njiani akaniambia wanawake wameshamaliza, mwanaume usichokonoe, nikaona nikikuuliza nitakuumiza upya. Kumbe nilikuacha ulinde peke yako. Kuhusu kaka yangu au dada yangu aliyenitangulia, sikuwahi kusikia. Mama naye alificha wake, mpaka kaburini. Maskini mama.

Nyumba tutajenga kwa udongo wa bondeni, na likipasuka tofali, lipasuke, tutafyatua lingine. Madirisha nataka yaangalie mto, yaani yaangalie upande ule. Mkataba wangu hapa unaisha Desemba, na safari hii sitii saini mwingine.

Kuna jambo sikuwahi kukuuliza, na naona haya kuliandika. Alikuwa wa kike au wa kiume?

Mumeo,
Marcelino

*

Kalenga
8 Desemba 2024

Baba Lea,

Alikuwa wa kike. Jina nilimpa mimi, siku mchwa walipomaliza kuziba. Sikumwambia mama yako, sikumwambia padri. Nimekuwa namwita nikiwa peke yangu pale nyuma, leo ndiyo mara ya kwanza naliandika. Alikuwa na masikio yako, yale yaliyochomoza. Nilifurahi na nikamhurumia papo hapo.

Barua yako nimekaa nayo muda mrefu bila kujibu, usidhani nimenuna. Nilikuwa nalala. Yaani kulala usingizi, Marcelino, wa mtu aliyetoka kulima. Majirani walidhani naumwa. Kuhusu khanga nililia kidogo, halafu nikaona ni haki yao, wamefanya kazi kubwa.

Jailos alikuja Jumamosi ile bila vijana. Sururu aliiacha kwao. Alizunguka kichuguu polepole, akavua kofia, akauliza, shemeji, ni upande gani? Nikamwonyesha, na jina lake nikamtajia. Akang'oa magugu upande ule, kisha akaomba ugali. Sasa anafyatua matofali bondeni, na yanapasuka kweli, ulisema kweli. Anafyatua mengine.

Mvua ya kwanza imenyesha juzi. Jioni kumbikumbi wakatoka, wengi mpaka kuku wamechoka kula. Watoto wa jirani wakaja na ndoo kama kila mwaka, nami mwaka huu nikawaruhusu, nikawaambia tu wasikanyage upande wa mto. Wakauliza kuna nini huko. Nikawaambia mwanangu amelala. Wakashusha sauti wenyewe, wakaendelea kuokota.

Jana mmoja wao alikuja kuomba chumvi, amesimama mlangoni, akapaza sauti: "Mama Lea, hodi!" Sijui nani alimfundisha, nadhani ni Jailos. Nilichelewa kuitika, maana sikujua ni mimi.

Uyoga umeanza. Wa upande wa juu nimekukaushia, na bakuli nimeficha. Fanya haraka uje.

Ni mimi,
Mama Lea